Kitengo, bweni, TASAF au mkopo wa asilimia 2? Kwa wenye mtoto au ndugu mwenye ulemavu wa akili, Kigoma na Tabora

Kila watu wakisikia redioni walemavu wametajwa kwenye bajeti, haipiti wiki kuna mama atanisimamisha njiani pale Mwanga, Kigoma, aniulize, dada hivi hizo hela za walemavu zinachukuliwa ofisi gani? Hamna ofisi hiyo mama. Hamna dirisha moja kwamba unafika na mwanao, anaandikwa, mwezi ujao unaanza kupokea. Kilichopo ni milango minne mitano, mmoja uko elimu, mwingine maendeleo ya jamii, mwingine TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), kila mmoja na masharti yake, na ukigonga ambao sio wako unazungushwa na fomu mkononi mpaka msimu unaisha. Ndo maana nimeona niiweke pamoja tuilinganishe, mwenye kuchagua achague.

Kwanza kipimo changu, maana bila kipimo tutabishana bure. Mimi siangalii mlango gani una hela nyingi, naangalia mlango gani unampa mlezi muda wa kutoka nyumbani. Mtu mwenye ulemavu wa akili gharama yake kubwa wala sio dawa wala daftari, ni mtu wa kukaa naye. Na huyo mtu kwetu anajulikana, ni mama, au bibi, au binti mkubwa ambaye shule imemshinda kwa sababu hiyohiyo. Mwanamke anayenunua dagaa Kibirizi lazima awe mwaloni alfajiri mitumbwi ikiingia, akikosa wa kumwachia mtoto siku hiyo hajaenda, na asipoenda hamna hela. Tabora nako msimu wa tumbaku, watu wako kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, usiku kucha wanaangalia moto, nani anabaki ndani na kijana wa miaka kumi na tano ambaye akiona mlango wazi anatoka?

Sasa wenzetu wengine hiyo kazi ya kukaa naye wanailipia. Kenya wana ruzuku ya watu wenye ulemavu mkali tangu 2011, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa kaya, imelengwa hasa kwa yule anayehitaji kuangaliwa muda wote. Uingereza walipitisha sheria 1996 kwamba halmashauri badala ya kumletea mtu huduma inaweza kumpa pesa yenyewe aajiri msaidizi anayemtaka. Sisi ruzuku ya mlezi hatuna. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inawabebesha ndugu jukumu la kumtunza mtu wao, halafu inaiambia halmashauri ilinde haki na ustawi wake. Tafsiri yake huku mtaani ni kwamba kulea ni kwako, na hela ya umma ikija itapitia ubavuni, kwenye elimu, kwenye umaskini, kwenye mikopo. Ukilielewa hilo mapema hutapata presha sana.

Tuanze na kitengo dhidi ya bweni maana hapa ndo watu wanavurugana na waume zao kabisa.

Kitengo ni darasa au madarasa ndani ya shule ya msingi ya kawaida, watoto wenye ulemavu wa akili wanakaa na mwalimu aliyesomea elimu maalum, wengi wa walimu hawa wamepitia Patandi kule Arusha. Mtoto anakwenda asubuhi mchana anarudi. Ada hakuna, na serikali inatenga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hiyo inaenda shule na kwenye vitabu, wewe huioni, na hata ungeiona ni hela ya daftari na chaki. Hela yenyewe nzito ni mshahara wa yule mwalimu. Piga hesabu mwalimu mmoja na watoto kumi au kumi na tano, mwezi hadi mwezi, hamna hela nyingine ya umma itakayomfikia mwanao kwa ukubwa huo mpaka anazeeka. Watu wanaidharau kwa sababu haipiti mkononi.

Na kinachofundishwa pale sio utani. Kuna kijana wa jirani aliingia kitengo na miaka tisa hajui kufunga kifungo. Mwalimu alikuwa anawaanzisha na vifungo kila asubuhi, na anawaambia muanze cha chini mpande juu, ukianzia juu vinapishana na shati linakaa upande. Hesabu walikuwa wanahesabu vizibo vya soda kwanza, baadae vizibo vikaondolewa zikaja sarafu za mia na mia mbili. Leo yule kijana anatumwa dukani na mia tano, anarudi na chumvi na chenji kamili, na mwenye duka ameshamzoea hamdanganyi. Mama yake sasa hivi anaweza kumwacha ndani na mdogo wake akaenda sokoni akarudi. Huo ndo muda ninaousema, na umetokana na vizibo.

Ila kitengo kina mtego wake, umbali. Hakiko kila shule. Kama uko Katubuka na kitengo kiko upande wa pili wa mji, mtoto hawezi kwenda peke yake, unampeleka, na nauli ya boda kwenda na kurudi mara mbili kwa siku wengi hawaiwezi, basi mama anaamua abaki palepale shuleni chini ya mwembe mpaka saa sita. Sasa hapo umepata nini? Mtoto anafundishwa sawa, lakini muda wako wote umeishia chini ya mwembe. Kwa hiyo kabla hujamwandikisha nenda kwa afisa elimu maalum wa halmashauri (kila halmashauri anaye) umuulize vitengo vya ulemavu wa akili viko shule zipi, halafu nenda shuleni mwenyewe. Uliza walimu wa elimu maalum ni wangapi, maana akiwa mmoja na akahamishwa au akaenda likizo ya uzazi kitengo kinalala, watoto wanaambiwa wakae nyumbani kwanza. Uliza uji upo au haupo. Angalia choo. Kama kuna wazazi wanne wanatoka mtaa mmoja na wewe, ongeeni mchange bajaji moja, akina mama kadhaa wamefanya hivyo na inawezekana.

Bweni sasa. Bweni ukiliangalia kwa kipimo changu linashinda, mtoto yuko shule usiku na mchana, mama yuko huru. Na chakula chake serikali inachangia. Lakini hapa naomba tusikimbie.

La kwanza, shule nyingi za bweni ambazo watu wanazitaja sio za mtoto wako. Tabora ina jina kubwa kwenye elimu maalum, shule ya viziwi ipo tangu 1963, ya Furaha ni ya wasioona, ni shule za heshima ila mtoto mwenye ulemavu wa akili haziwezi kumsaidia, na nimeona mzazi ametoka huku kwa treni na mtoto na godoro, akafika kuambiwa hapa sipo. Kabanga kule Kasulu nayo ilijulikana nchi nzima ile miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino, watoto walikusanywa pale ili wabaki hai. Ilikuwa lazima, hamna anayebisha. Lakini kuna watoto walikaa miaka likizo kwa likizo bila kwenda kwao, na mtoto akikaa hivyo kwao kunabaki jina tu.

La pili ndo linaloniuma zaidi. Mtoto wako akipigwa bwenini, au akifanyiwa mabaya mengine, atakuambia? Wengi hawawezi kueleza. Na usidhani ni shida ya nchi maskini. Uingereza kulikuwa na hospitali inaitwa Winterbourne View karibu na Bristol, ya watu wenye ulemavu wa akili na usonji, serikali ilikuwa inalipa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa mtu mmoja, kwa wiki jamani, na 2011 BBC waliingiza mwandishi na kamera ya siri wakakuta wafanyakazi wanawapiga na kuwadhalilisha wagonjwa. Ilifungwa na watu wakahukumiwa. Yaani zile hela zote hazikumnunulia mtu usalama, kwa sababu ndugu walikuwa mbali na mlango ulikuwa umefungwa. Wale wametumia miaka mingi wakiwatoa watu kwenye mahospitali makubwa kuwarudisha mitaani kwao, halafu sisi ambao watu wetu wako mitaani tayari ndo tunatamani kuwapeleka mabwenini!

Msimamo wangu, bweni liwe la mtu ambaye nyumbani sio salama, au wilaya yake haina kitengo anachoweza kukifikia. Na ukilazimika, uliza nani analala na watoto usiku, jina lake, na idadi yao, wanaoga na nani, wavulana wakubwa na wadogo wanachanganywa? Ukiona unajibiwa kwa hasira rudi na mwanao. Na uende kumtembelea bila kutoa taarifa.

Haya tuje kwenye hela za mkononi, TASAF dhidi ya mkopo. Watu wanaziweka kapu moja wakati ni vitu viwili vilivyopishana kabisa, moja ni ruzuku nyingine ni deni.

TASAF kwenye kuchagua kaya haianzi na ulemavu, inaanza na umaskini wa kaya. Mkutano wa mtaa au kijiji unataja kaya, baadae wanakuja na dodoso, wanauliza nyumba imeezekwa na nini, mnakula mara ngapi, nani anaishi humo. Kwa hiyo ukiwa na mtoto mwenye ulemavu lakini una nyumba ya bati na kibanda cha duka, unaweza usiingie, na jirani ambaye hana mgonjwa akaingia. Inauma ila ndivyo mpango ulivyo. Awamu ya pili ya kunusuru kaya ilianza 2020, malipo yake yalikuwa kila baada ya miezi miwili, taslimu au kwa simu, kulikuwa na sehemu ya msingi na sehemu yenye masharti, watoto wahudhurie shule angalau asilimia 80 na wadogo waende kliniki. Na wenye nguvu walikuwa wanaingizwa kwenye ajira za muda za barabara na mabwawa, kaya ambayo haina mwenye nguvu haikulazimishwa.

Uzuri wa TASAF huirudishi. Ubaya wake ni ndogo, na huwezi kuamka Jumatatu ukasema naenda kuomba, orodha inafunguliwa wanapotaka wao. Na kuna kosa ambalo familia nyingi zinalifanya, dodoso likija mtoto anafichwa chumba cha nyuma kwa aibu. Ukimficha hajaandikwa, asipoandikwa kwenye hesabu za kaya yako hayupo, na kuja kurekebisha baadae ni shughuli. Mtoe nje akae kwenye mkeka aonekane. Sensa ya 2022 ilisema asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu, kwa hiyo hauko peke yako mtaani, aibu ya nini.

Kwa kipimo cha muda TASAF ni ndogo lakini inafanya kazi. Bibi mmoja Ujiji anaitoa sehemu yake kumpa binti wa mtaani akae na mjukuu asubuhi wakati yeye anauza mawese. Sio rasmi, hamna mkataba, lakini ukitafuta ruzuku ya mlezi kwa Kigoma, basi ndo hiyo ameitengeneza mwenyewe.

Mkopo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na tangu 2018 iko kwenye sheria kabisa na haina riba. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) kukuta madudu, vikundi hewa na marejesho hayaonekani, ikarudi 2024 kwa kanuni mpya. Kigoma Ujiji ilikuwa moja ya halmashauri kumi zilizochaguliwa kujaribu kutoa kupitia benki, wakati halmashauri za Tabora na zile nyingine za mkoa wetu ziliendelea na utaratibu wa halmashauri ulioboreshwa. Kwa walemavu masharti yalilegezwa, hamhitaji kuwa watano kama vikundi vingine, hata mmoja mmoja anafikiriwa.

Kwenye karatasi imekaa vizuri. Lakini tupige hesabu. Tuseme halmashauri inakusanya bilioni 2 kwa mwaka, asilimia 2 yake ni milioni 40, kwa walemavu wote wa halmashauri nzima. Vikundi vinne vikichukua milioni kumi kumi imekwisha. Na wa kwanza kufika ni nani? Ni wenye ulemavu wa viungo, wasioona, viziwi, watu wenye vyama vyao na viongozi wanaojua kuongea na kuandika andiko la mradi. Siwaonei wivu, wamepigania. Ila mwenye ulemavu wa akili hana wa kumsemea kwenye foleni hiyo, chama chao cha taifa kipo ila ngazi ya kata wengi hawajawahi kukiona.

Halafu nani anasaini? Biashara anaendesha nani? Nimeshuhudia kikundi kina jina la watu wenye ulemavu, siku ya kukabidhiwa yule kijana amevalishwa shati jipya amekalishwa mbele anapigwa picha na lile hundi kubwa la kadibodi, hela ikaenda kwa kaka yake akanunua pikipiki. Kijana hajui hata kama ana deni. Huo mimi siuiti msaada.

Kwa hiyo mkopo ufikirie ikiwa tu mtu wako ni mtu mzima, ulemavu wake sio mkali, na kuna kazi inayojirudia ambayo ameshaizoea, kuchambua dagaa na kutoa mawe, kuosha madumu ya mawese, kulisha kuku. Na awepo ndugu mmoja mwaminifu wa kushika daftari. Kwa mlezi ambaye hana muda tayari, mkopo unamla muda zaidi na marejesho yanaanza kudaiwa. Kama ni mzazi na mtoto bado mdogo, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema kama jina lako wewe mlezi linakubalika kwenye asilimia mbili au unatakiwa uende kwenye nne za wanawake, usichangishane hela za usajili kwanza.

Bima sitaiongelea sana kwa sababu haishindani na hizi, ni ya kuongezea. CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii) ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, na kama mtoto ana kifafa juu ya ulemavu wake (wengi wanacho) nenda na bima uliyonayo kliniki kila mwezi, dawa ya kifafa haikatishwi bila daktari kusema hata kama ameacha kuanguka. Ukikwama kabisa, ustawi wa jamii wapo hospitali ya Maweni huku Kigoma na Kitete kule Tabora, barua ya mtendaji mkononi, unaomba msamaha wa gharama za matibabu.

Sasa mimi ningefanyaje. Mtoto wa miaka saba hadi kumi na tatu, kitengo kipo karibu: kitengo, bila mjadala, na jina liwe kwenye dodoso la TASAF kama kaya inastahili. Kitengo kiko mbali: kwanza kuchangia bajaji, ikishindikana hata kuhamia kwa shangazi aliye karibu na shule ningefikiria kabla ya bweni. Na kabla ya miaka saba, usisubiri, vifungo na kijiko anza navyo nyumbani.

Kimbembe ni akifika miaka kumi na nane. Kitengo kimeisha, anarudi nyumbani, na mama ameshazeeka. Tabora kuna chuo cha serikali cha ufundi kwa watu wenye ulemavu, Luanzari, kwa yule anayeweza kushika ufundi ni cha kuulizia, na kutoka Kigoma treni inakufikisha Tabora. Kwa asiyeweza, hamna mahali pa kushinda mchana. Hapo milango yote niliyotaja inakuwa imefungwa isipokuwa TASAF na mkopo, na mkopo nimeshasema.

Ndo maana kwa hawa watu wazima naona tuhangaike na bajeti ya halmashauri kuliko kuhangaika na fomu. Mwaka wa serikali unaanza Julai, lakini mipango inaanza kukusanywa mitaani miezi mingi kabla, kwa hiyo ukienda Juni umechelewa. Chumba kimoja cha ofisi ya kata kisichotumika, watu wawili wa kulipwa posho, uji, hiyo sio hela ya kutisha kwa mapato ya ndani. Nendeni wazazi watano sita kwenye mkutano wa mtaa, mumuulize diwani mawili: kwenye ile asilimia mbili ya mwaka jana waliopata wenye ulemavu wa akili walikuwa wangapi, na kamati ya watu wenye ulemavu ambayo sheria ya 2010 inataka iwepo hadi ngazi ya mtaa, hapa kwetu ina kina nani. Hakikisheni mtendaji ameliandika swali kwenye muhtasari, na ombeni nakala.